Nyumba za mawe, waya wa baharini na maghorofa ya Michenzani: shilingi ya kwanza ya matengenezo iende wapi?

Mrithi wa Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu,

Naomba mnisaidie kulitafakari jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu masika yaliyopita. Marehemu baba yetu ametuachia nyumba ya ghorofa mbili katika mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na sisi warithi tuko tisa: watano tuko hapa Unguja, watatu wako Maskati na mmoja yuko Dar es Salaam. Chini pana duka, juu zinakaa familia mbili za wapangaji, na kodi wanayolipa haijapanda kwa miaka mingi kwa sababu baba alikuwa akiona haya kuwadai zaidi watu aliokua nao mtaa mmoja. Mwezi wa nne, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, kipande cha dari ya chumba cha nyuma kilianguka usiku. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Asubuhi yake nilipanda, nikasimama chini ya tundu lile, lenye upana wa sinia ya pilau, nikaishika ncha ya boriti iliyobaki ukutani. Kwa nje ilionekana nzima, nyeusi na ngumu kama siku iliyowekwa, lakini nilipoibonyeza, kidole changu kilizama ndani kama kinavyozama katika boga lililooza.

Tangu siku hiyo ndugu tumegawanyika. Wengine wanataka tuuze; wengine wanataka tubomoe ndani kote, tusimamishe nguzo za zege na kuubakisha ukuta wa mbele tu kwa ajili ya macho ya wapita njia; na mimi, niliyezaliwa katika nyumba ile, nataka itengenezwe, ila sijui pa kuanzia, wala sina hakika kama ninachokitaka ni busara au ni mapenzi ya utotoni.

Nimelileta suala hili hapa badala ya kuliacha ndani ya familia kwa sababu naliona ni la nchi nzima. Tarehe 25 Disemba 2020 sote tulishuhudia sehemu ya Beit el-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ikiporomoka na watu wawili wakipoteza maisha, ilhali jumba lilikuwa limefungwa tangu mwaka 2012 kwa ubovu uliokwisha kujulikana, na kazi ya kulikarabati ilikuwa tayari imeanza. Ikiwa jumba mashuhuri kuliko yote mjini limefika huko, nyumba ya marehemu baba yangu, isiyo na jina wala mgeni wa kuja kuipiga picha, ina matumaini gani? Wakati huohuo tunajenga vipya kila upande, barabara, masoko, hospitali, jengo la abiria la uwanja wa ndege, nami nafurahi kama Mzanzibari mwingine yeyote. Ninachouliza ni hiki: vile vilivyokwisha kujengwa, ambavyo watu wanalala ndani yake na kuvitumia kila siku, vinaharibika kwa sababu umri wake umefika, au kwa sababu hapana anayevishughulikia? Na ikiwa fedha hazitoshi, kama zisivyotosha katika familia yetu, shilingi ya kwanza iende wapi?

Mwashi wa Mkunazini

Wa alaikum salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako.

Mimi ni mwashi, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kabla yangu aliifanya baba yangu. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho. Sijapata kuona nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka kwa sababu ya miaka yake. Zote nilizoitwa kwenda kuziangalia ziliangushwa na maji, na katika nyingi kati ya hizo palikuwa na mtu aliyejua kwa muda mrefu kwamba maji yanaingia.

Yakupasa kwanza uelewe ukuta wako umejengwaje. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake hufika nusu mita au kuzidi. Ukuta huo hausimami kwa kushikamana kama zege. Unasimama kwa uzito wake na kwa kupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na ule unaotoka baharini huingia na kutoka kupitia lipu ya chokaa, na chumvi hutoka nayo ikachanua juu ya ukuta, ukaifagia, mambo yakaisha. Ukija na saruji ukaipaka juu ya ukuta huo, umeuziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya na kugeuka chembe ngumu nyuma ya lipu, na ile chokaa ya zamani iliyokuwa ikiyashika mawe inasagika kidogo kidogo bila ya mtu kuona.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja iliyopigwa lipu ya saruji, laini kabisa, imepakwa rangi nzuri, na mwenyewe alikuwa amemlipa fundi fedha nyingi. Nikaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ukalia kama debe tupu. Nilipoipasua ile lipu, kilitoka kipande kimoja kizima kama ubao wa mlango, na nyuma yake mchanga ukamwagika miguuni kwangu kama unga unaotoka katika gunia lililotoboka. Mkono wangu uliingia ukutani mpaka kwenye kiwiko. Mwenye nyumba alikaa kwenye ngazi akainamisha kichwa, wala sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa aliitengeneza nyumba yake kwa nia njema na kwa fedha za halali.

Sasa nije kwenye boriti zako. Boriti za mikoko kwa kawaida hazizidi mita tatu na kidogo, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa mti. Juu ya boriti hupangwa mawe mepesi, kisha humwagwa chokaa na kokoto, na sakafu hiyo hupigwa kwa vibao kwa siku kadhaa, zamani kwa nyimbo za kinamama, mpaka ikawa kitu kimoja. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kusakifu. Mkoko mkavu hukaa miaka mingi na mchwa hawaupendi, lakini ncha yake iliyozama ukutani ikipata maji huoza kutoka ndani kwenda nje, ndiyo maana yako ilionekana nzima. Maji hayo yana milango miwili, paa na choo. Paa zetu nyingi zilikuwa za kusakifu kisha zikawekewa mabati, na mabati yanapotoboka au mchirizi unapoziba kwa majani, maji yote ya paa huteremka ndani ya ukuta. Choo nacho, nyumba hizi nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja, na baada ya Mapinduzi ya 1964, wenyewe walipoondoka au nyumba zilipochukuliwa, ziligawanywa vyumba vyumba kwa familia tatu, nne, hata sita, na kila moja ikahitaji choo chake, sinki lake na bomba lake. Mabomba hayo yakapitishwa popote palipopatikana tundu.

Hao wanaotaka kuweka nguzo za zege ndani na kuubakisha ukuta wa mbele, waambie zege na matumbawe havitembei pamoja. Kimoja ni kigumu, kingine kinajisogeza taratibu majira yanapobadilika, na ufa utatokea palepale vinapokutana. Tena Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985. Huwezi kubomoa, wala hata kubadilisha dirisha, bila ya kibali chao.

Linaloniuma zaidi ni chokaa yenyewe. Mawe huchomwa juu ya magogo, yakamwagiwa maji, kisha chokaa ikaachwa ilale wiki nyingi kabla ya kutumiwa, na hata ikishapakwa huganda polepole kwa kuvuta hewa. Saruji unainunua asubuhi na jioni umemaliza ukuta. Tulipofanya ukarabati wa Zahanati ya Zamani pale Mizingani miaka ya 1990, wengi wetu tuliokuwa vijana tulijifunza upya mambo ambayo baba zetu walikuwa wameyaacha. Vijana wale sasa ni watu wazima wenye mvi, na kila mwaka wananipungukia.

Mhandisi Mstaafu

Nimeyasoma maelezo ya Mwashi mara mbili, nami nashukuru. Nimefanya kazi katika mambo ya umeme maisha yangu yote, na nataka kuonesha kwamba aliyoyasema kuhusu ukuta yanahusu pia vitu ambavyo havionekani kabisa.

Umeme wa Unguja unatoka bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45, ambazo wakati ule zilionekana ni nyingi kupita kiasi. Mji ukakua, hoteli zikajengwa mashariki na kaskazini, mafriji na viyoyozi vikaongezeka, na waya ukabaki uleule. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Tungeweza kuliona hilo kuwa ni onyo la kutosha. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii kisiwa kilikaa gizani kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Kwa vijana waliokuwa wadogo wakati ule, nieleze kidogo. Maji ya Unguja kwa sehemu kubwa husukumwa na pampu za umeme, kwa hiyo umeme ulipokwenda, maji nayo yakaenda. Visima vya zamani vilivyokuwa vimefunikwa kwa mbao vikafunuliwa, na alfajiri ungewakuta kinamama na watoto wamepanga madumu yao mstari mmoja, kila dumu limefungwa kitambaa cha rangi yake ili lisipotee. Wavuvi walikosa barafu, wakawa wanauza samaki kwa bei ya kutupa kabla jua halijapanda. Kila aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta, na moshi wake ukawa unaingia madirishani mwa jirani asiye na uwezo.

Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, na Pemba nayo ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Tanga mwaka 2010. Haya ni mafanikio makubwa na sina nia ya kuyapunguza. Lakini tazameni mfuatano wa miaka. Umri wa waya kama ule hukadiriwa tangu siku unapofungwa. Mahitaji ya umeme hupimwa kila mwezi na huandikwa. Kwa hiyo siku ya kuubadilisha ilikuwa inaweza kukisiwa miaka kumi kabla. Gharama ya kutokuubadilisha mapema haikuandikwa katika bajeti ya yeyote, na kwa sababu hiyo ilionekana kana kwamba haipo, ilhali iliandikwa katika kila nyumba: petroli ya jenereta, chakula kilichooza, cherehani iliyolala miezi mitatu, mwanafunzi aliyesoma kwa kibatari.

Kwa hiyo, ndugu Mrithi, mimi nadhani shilingi ya kwanza iende kwenye daftari. Sisemi hivi kwa kupenda makaratasi. Nchi inayotaka kuhuisha miundombinu yake inahitaji kujua ina nini: mabomba mangapi, ya mwaka gani, yamepita wapi, transfoma zipi zimezidiwa, majengo yapi ya umma yana paa linalovuja. Kisha kila kitu kiandikiwe umri wake uliobaki na kiasi kinachopaswa kuwekwa akiba kila mwaka ili siku yake ikifika fedha ziwepo. Katika miaka yangu yote ya kazi, kupata fedha za kujenga kipya kulikuwa rahisi kuliko kupata fedha za kukitunza, kwa sababu mfadhili anayejenga huweka jiwe la msingi, na hakuna aliyewahi kualikwa kuja kuzindua valvu iliyobadilishwa.

Mama wa Ghorofa ya Nne

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba niseme lililo moyoni kwangu.

Kila yanapozungumzwa majengo ya Zanzibar, yanazungumzwa majumba ya Mji Mkongwe, milango ya nakshi na varanda. Watu walio wengi wa mji huu hatukai huko. Tunakaa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na mimi nakaa Michenzani, katika yale maghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Marehemu mama alipopewa ufunguo, alilia kwa furaha, kwa sababu alitoka katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti na kuingia penye bomba la maji ndani, choo ndani na taa ya umeme. Maghorofa haya ni urithi wetu sisi kama nyumba ya mawe ilivyo urithi wa mwengine.

Leo nusu karne imepita. Katika ukumbi wa ngazi zetu, zege limebanduka chini ya ngazi, na nondo zimejitokeza, nyekundu kwa kutu, zimevimba. Mhandisi mmoja aliyekuja kumtembelea jirani alinieleza kwamba chuma kikipata kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani, na kwamba hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kazi hiyo. Kumbe nasi tuna ugonjwa uleule wa Mwashi, ila wetu uko katika zege. Maji hayapandi hadi kwangu kwa nguvu ya bomba. Nina madumu manane jikoni, na mwanangu huyapandisha mawili mawili kabla ya kwenda skuli. Kila mwenye uwezo amejivutia mpira wake na kujiwekea kipampu chake kidogo, na kila mpira umepita katika tundu lililotobolewa katika ukuta wa pamoja.

Ninalolalamikia si kwamba Mji Mkongwe unapewa sana. Nalalamikia kwamba tunapoamua kipi kikarabatiwe, tunaanzia na kile kinachoonekana na mgeni. Ukuta wa bahari wa Mizingani umejengwa upya, na umependeza, na umeizuia bahari, nasema ahsante. Lakini mitaro mikubwa ya maji ya mvua iliyochimbwa huku Ng'ambo katika miaka ya karibuni imetusaidia zaidi, na hakuna hata mtu mmoja anayeipiga picha. Mtaa wa dada yangu, masika ilikuwa lazima vitanda vipandishwe juu ya matofali. Sasa havipandishwi. Mkiniuliza mimi shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema iende pale ambapo mtu anaweza kufa au kuugua kwanza, awe anakaa katika nyumba ya sultani au katika chumba cha ghorofa ya nne.

Msafiri wa Reli

Nachangia kwa ufupi kutoka Dodoma. Bi Mama wa Ghorofa ya Nne amesema kweli, na huku bara tuna mfano mwingine. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na mimi niliyezoea kulala njiani sasa nafika Dar es Salaam kabla ya chai ya saa nne kupoa. Hata hivyo, ndugu zangu wa Tabora na Kigoma bado wanasafiri kwa reli ya zamani, na kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli imelazwa kando ya mto Mkondoa, kimechukuliwa na mafuriko mara nyingi mno. Reli mpya haiifanyi ya zamani isihitaji matunzo kwa siku ile ambayo watu bado wamo ndani ya mabehewa yake. Miaka ya kupokezana ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa wakubwa wote macho yao yako kwenye kipya, na fundi wa cha zamani huambiwa avumilie kidogo.

Wakili wa Vuga

Assalamu alaikum nyote. Nimefuatilia mjadala huu tangu jana, na naona kila mmoja ameligusa jambo moja kwa upande wake bila ya kulitaja: kitu ni cha nani siku kinapovuja?

Katika nyumba ya ndugu Mrithi kuna warithi tisa, na kila mmoja ana fungu lake katika kila jiwe, lakini hapana hata mmoja mwenye wajibu wa kupanda juu kuuzibua mchirizi. Katika ghorofa la Michenzani, kila familia inajua mlango wake ni wa nani, lakini ngazi ni za nani? Tangi ni la nani? Nondo inayooza chini ya ngazi inamhusu mkaazi wa juu, wa chini, au ofisi fulani ambayo hata jina lake wakaazi hawalijui? Majengo ya namna hii yana wenyewe wengi na msimamizi hayupo, na fedha yoyote itakayotolewa kabla ya kumpata msimamizi itatengeneza mara moja, kisha tutarudi hapa baada ya miaka kumi.

Wazee wetu walilijua jambo hili, nao walikuwa na dawa yake, nayo ni wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili mapato yake yawanufaishe waliotajwa na mwenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa za wakfu, na nyingine bado ni za wakfu hadi leo. Watu wengi wanadhani wakfu ni sadaka tu, kwamba kodi ya nyumba inakwenda msikitini au kwa maskini au kwa vizazi vya aliyeweka wakfu. Wanasahau kanuni iliyotangulia mgawanyo huo: katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mapato ya mali ya wakfu huanza kutumika kuitengeneza mali yenyewe, na wenye kunufaika hupewa kinachobaki. Matengenezo hayasubiri ziada. Imamu hapati mafuta ya taa yake ikiwa paa la duka linalomlipia mafuta hayo linavuja. Nadhani huu ni utaratibu bora kuliko bajeti nyingi nilizowahi kuzisoma, ambazo matengenezo huwekwa mstari wa mwisho na ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kuzorota kwa nyumba nyingi za wakfu hakukuletwa na kanuni hiyo. Kodi zilibaki chini mno kwa miongo mingi, hata ukiitoa yote kwenye matengenezo haitoshi kununua boriti sita. Kwa hiyo ndugu Mrithi, kwa upole kabisa, haya aliyoiona marehemu mzee wako kuwadai wapangaji ilikuwa ni ihsani, lakini ihsani hiyo ilikuwa inalipwa na nyumba. Wapangaji wako wasitolewe, na kodi isipandishwe kwa ghafla, maana hao ndio walioilinda nyumba isigeuke gofu. Zungumzeni nao, waoneshwe ile boriti, wakubaliane nanyi nyongeza ya hatua kwa hatua ambayo wataiona kwa macho ikirudi katika dari inayowafunika.

Na ninyi warithi andikianeni mkataba mdogo: msimamizi mmoja, akaunti moja, na sharti kwamba kodi ya kila mwezi huingia kwenye nyumba kwanza, na hakuna mrithi anayepokea fungu lake mpaka hesabu ya matengenezo ya mwaka ule imefungwa. Hao walioko Maskati wanaweza kuweka saini wakiwa hukohuko kwa kumpa mmoja wenu uwakili. Bi Mama wa Ghorofa ya Nne, nanyi mkianza na ngazi moja tu, familia za ngazi hiyo, mkachagua mtu wa kuiwakilisha na mkaandika kwa pamoja yale mliyoyaona, barua yenu itakuwa nzito kuliko malalamiko ishirini ya mtu mmoja mmoja.

Mrithi wa Malindi

Ndugu zangu, sijui niwashukuru vipi. Jana usiku tulizungumza kwa simu sote tisa, tukasomeana aliyoyaandika Mwashi na Wakili. Kaka yetu mkubwa wa Maskati, ambaye ndiye aliyekuwa akisisitiza tuuze, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ule mlango wa nyuma bado unakwama vilevile. Hatujakubaliana kila kitu. Tumekubaliana kwamba kodi ya duka ya mwaka huu haitagawanywa, na kwamba dada yetu wa tatu, ambaye ni mhasibu na ambaye hamwonei mtu haya, ndiye atakayeshika akaunti.

Leo asubuhi nilipanda tena nikiwa na tochi, nikafanya kile alichokisema Mhandisi: nikachukua daftari na kuandika kila nilichokiona, chumba kwa chumba. Nikagundua jambo ambalo nimelipita mara mia bila ya kulitazama. Juu ya chumba cha nyuma, chini ya mabati, pana tangi la plastiki la lita elfu moja ambalo mpangaji aliliweka ili apate maji siku yanapokatika. Simlaumu, kwa kuwa hata mimi ningefanya hivyo. Bomba lake linatona palepale linapoingia ukutani, na ukuta chini yake umelowa mpaka ghorofa ya kwanza. Mzee Mwashi, je, nilitoe kwanza au nikusubiri?

Mwashi wa Mkunazini

Usinisubiri. Lita elfu moja ni tani nzima iliyokaa juu ya boriti zilizooza, na wewe umesimama chini yake na tochi. Lifungulieni maji yatoke leo hii, polepole, kwa mpira unaoshuka hadi kwenye mtaro wa nje, si sakafuni, na chumba cha nyuma asilale mtu humo wala kwenye kile kilicho chini yake. Mpangaji mtafutieni mahali pa kuweka tangi hilo uani, chini, juu ya matofali, na kipampu kidogo atakipata kwa bei isiyozidi boriti mbili.

Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri pamoja na kijana wangu mmoja anayejifunza. Tutapanda paa kwanza, tukaangalie mabati na mchirizi, kisha vyoo, kisha ndipo tuzigonge kuta moja moja. Kibali cha Mamlaka tutakiombea kwa yale tutakayoyaandika siku hiyo katika daftari lako. Tafuta pia funguo ya ule mlango mdogo wa kutokea paani, maana katika nyumba nyingi za Malindi mlango huo umefungwa kwa miaka na hakuna ajuaye funguo ilipo. Na mpaka nifike, mtu yeyote asikuletee mfuko wa saruji.